Magonjwa Sugu ya Ng'ombe wa Maziwa na Mikopo Yetu

(Maelezo yaliyotolewa na kamati ndogo ya mifugo mbele ya wanachama na wageni, katika maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi)

Tumepewa nafasi baada ya risala na kabla ya chakula, na tunajua maana yake. Harufu ya pilau inashindana na sisi. Hata hivyo tunaomba mtuvumilie, kwa sababu jambo tulilopewa kulisema linahusu fedha zenu wenyewe.

Huenda wengine mnajiuliza kikundi cha kuweka na kukopa kina habari gani na magonjwa ya ng'ombe. Jibu ni fupi. Tazameni daftari la mikopo. Wapo waliokopa kwa ajili ya ada, wapo waliokopa kwa ajili ya genge la mboga au cherehani, lakini mkopo mkubwa katika kikundi hiki, tangu tulipoanza, ni wa ng'ombe. Kahawa ilipoacha kutulipa kama ilivyowalipa wazazi wetu enzi za nguvu za KNCU, mama wa kihamba alibaki na ndizi na maziwa. Maziwa ndiyo fedha inayoingia kila siku bila kungoja msimu, na kwa desturi yetu fedha ya maziwa ni ya mama hata pale ng'ombe anapoitwa wa baba. Wenzetu wa Nronga kule Machame waliliona hilo mapema, wakaanzisha ushirika wao wa maziwa wa akina mama mwaka 1988. Kwa hiyo ng'ombe akiugua, anayeugua si ng'ombe peke yake. Sanduku letu nalo linaugua.

Sasa, magonjwa ya ng'ombe tunayoyaogopa sana ni yale yenye kelele. Ndigana kali, kwa mfano. Mtamba anapata homa, tezi zinavimba, anahema, anatoa povu, na msipokimbia kumwita mtaalamu atakufa siku chache tu. Hiyo kila mtu anaijua, na kila mtu ananunua dawa ya kupe. Leo hatuizungumzii hiyo. Tunazungumzia magonjwa yanayokaa ndani ya ng'ombe mwaka, miaka miwili, mitano, huku ng'ombe anakula, anang'aa, anakamwa, na jirani anakusifia. Wataalamu wanayaita magonjwa sugu ya kuambukiza. Yapo kadhaa, lakini sisi tumechagua matatu: ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kitaalamu ni brusela, ugonjwa wa kiwele ule usioonekana, na kifua kikuu cha ng'ombe. Muda mwingi tutautumia kwenye brusela, kwa sababu ndio unaovunja mikopo, na ndio unaoingia mpaka ndani ya nyumba.

Tuchukue hesabu ya kawaida. Tuseme mama amekopa akanunua mtamba mwenye mimba ya miezi sita. Amepiga hesabu kwamba baada ya miezi mitatu mtamba atazaa, atakama lita nane kwa siku, mbili zibaki kwa watoto na ndama, sita ziende kwa mnunuzi. Marejesho ya mkopo yametegemea zile lita sita. Mwezi wa saba, alfajiri moja, anakuta ndama amelala kwenye majani, amekufa, hana hata manyoya kamili. Kondo la nyuma halitoki. Bwana mifugo anaitwa, analipwa. Maziwa yanakuja kidogo, au hayaji kabisa. Tumbo la uzazi lina uchafu, kwa hiyo mtamba anakaa miezi mingi bila kushika mimba nyingine. Wakati huo wote majani anabebewa kichwani kutoka tambarare, pumba inanunuliwa, na siku ya mkutano wa kikundi haisogei. Ndivyo mkopo unavyokufa, jamani, huku mwenye mkopo hakucheza wala hakulala.

Halafu yanaanza maneno. Eti ni jicho baya. Eti jirani alipita na ndoo mtupu. Eti mtamba aliteleza kwenye mteremko. Kuteleza kunaweza kuleta mimba kutoka, hatukatai, na yapo magonjwa mengine pia yanayotupa mimba. Lakini ng'ombe akitupa mimba baada ya mwezi wa tano, jambo la kwanza la kufikiri ni brusela, mpaka vipimo viseme vingine.

Mdudu wa ugonjwa huu ni bakteria mdogo sana, na makao anayoyapenda kuliko yote ni tumbo la uzazi lenye mimba. Hukaa kwenye kondo, anaongezeka kwa wingi usiohesabika, kondo linaoza, ndama anakosa chakula, mimba inatoka. Kwa hiyo siku ya kutupa mimba ndiyo siku ya hatari kubwa. Yule ndama aliyekufa, lile kondo, yale maji, vyote vimejaa wadudu. Ng'ombe mwingine akilamba, akila majani yaliyodondokewa, akinywa maji ya ndoo ile ile, ameambukizwa. Mbwa akiburuta kondo kupita kwenye mfereji mpaka kwa jirani, ameupeleka ugonjwa kwa jirani.

Na hapa tuseme jambo linalotuhusu sisi wa mlimani hasa. Jua kali humuua mdudu huyu upesi. Lakini mahali penye kivuli, baridi na unyevu anaweza kuishi wiki nyingi, hata miezi. Haya, niambieni, kihamba ni mahali gani? Migomba imefunika, mikahawa chini yake, samadi mbichi, mvua za masika, ukungu. Tumemtengenezea kitanda. Wafugaji wa tambarare wana shida zao, na kwa jumla wataalamu huukuta ugonjwa huu zaidi kwenye makundi yanayochungwa pamoja kuliko kwa ng'ombe wa kufungiwa bandani. Hilo ni la kushukuru. Lakini lisitufanye tulale, kwa sababu mdudu akiingia kwenye banda la mlimani, mazingira hayamfukuzi.

Anaingiaje, kama ng'ombe wetu hatoki bandani? Anaingia kwa ng'ombe wa kununuliwa. Hiyo ndiyo njia kubwa. Anaingia pia kwa desturi yetu ya zamani ya kumweka ng'ombe kwa mtu mwingine amtunze, mtunzaji apate maziwa na samadi, mwenye ng'ombe apate uzao. Ni desturi nzuri. Imewainua wajane wengi na imejenga undugu. Lakini ng'ombe mmoja anayehamahama nyumba tatu anaacha alama nyumba tatu. Anaingia vilevile kwa mbuzi, ambao nao wana brusela ya kwao, tena kali kwa binadamu. Na kuhusu dume la kijiji: kupandwa kwenyewe si njia kubwa sana, ila safari ya kumpeleka ng'ombe kwa dume, kusimama pamoja na wengine, kulambana, hiyo ndiyo yenye hatari. Mwenye uwezo wa kutumia uhimilishaji, mbegu inayotayarishwa kwenye kituo cha taifa pale Usa River, amejiepusha na safari hiyo na amepata mbegu bora juu yake.

Sasa sikilizeni mtego wenyewe. Ng'ombe mwenye brusela mara nyingi hutupa mimba mara moja tu. Mimba inayofuata anazaa salama, ndama mzuri, maziwa yanamwagika. Mwenye ng'ombe anasema, "Amepona." Hajapona. Mdudu amehamia kwenye kiwele na kwenye tezi, na atakuwa anatoka kwenye maziwa na kwenye uchafu wa kila uzazi maisha yake yote. Kwa ng'ombe hakuna dawa ya kumponya inayofaa, na mtu anayewauzia sindano ya kumponya anawauzia maji. Alama nyingine ni chache: uvimbe wa maji kwenye magoti, na kwa dume, kokwa kuvimba. Ng'ombe wengi hawana hata hizo. Ndiyo maana tunasema jicho la mfugaji, hata liwe la mzee aliyefuga miaka hamsini, haliwezi kuuona ugonjwa huu. Unaonekana kwa kipimo tu.

Kuhusu binadamu. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimpata mdudu huyu kwa askari waliokufa kwa homa katika kisiwa cha Malta, na jina la brusela linatokana na jina lake. Mwaka 1897 Bernhard Bang wa Denmark alimpata mdudu wa kutupa mimba kwa ng'ombe. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, mwenyeji wa Malta, alionyesha kwamba homa ya Malta inatoka kwa mbuzi, na watu wanaipata kwa kunywa maziwa. Lakini miaka mingi hakuna aliyeunganisha huyu wa ng'ombe na yule wa homa. Aliyeunganisha alikuwa mwanamke. Akina mama, shikeni jina hili: Alice Evans, Mmarekani, mfanyakazi wa idara ya kilimo ya serikali yao katika kitengo cha maziwa. Mwaka 1918 aliandika kwamba wadudu hao ni ndugu wa karibu sana, na kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe anayeonekana mzima yanaweza kumletea mtu ugonjwa. Wakubwa wa sayansi walimbeza. Hakuwa na shahada ya juu ya udaktari, na alikuwa mwanamke. Wauza maziwa nao hawakufurahi. Mwaka 1922 yeye mwenyewe aliambukizwa akiwa kazini, na homa ile ikawa inamrudiarudia kwa miaka mingi. Baadaye wengine walipima wakakuta alisema kweli, na mwaka 1928 chama cha wataalamu wa bakteria cha nchi yake kikamchagua kuwa rais, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Tumelisimulia hili kwa makusudi. Wapo humu ambao wakisema jambo kwenye mkutano wa kijiji wanaambiwa wakapike.

Tusidhani ni habari za ng'ambo. Kati ya mwaka 2007 na 2008, hapa hapa Moshi, watafiti waliwapima wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali ya KCMC na hospitali ya Mawenzi. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo vya makini vilipofanyika, waliokuwa na homa iliyoletwa kweli na malaria walikuwa 14. Kumi na wanne tu. Wagonjwa 118 walikutwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, na kati yao 16 walikuwa na brusela. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Tangu hapo vipimo vya haraka vya malaria vimeenea na mambo yamebadilika kiasi, lakini fikirini ni wangapi kati yetu tumemeza dawa za malaria kwa homa ya jioni inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno kinachouma, viungo vinavyouma, uchovu usioisha, mpaka mume anadhani mke amekuwa mvivu.

Mtu mwenye brusela anatibika. Ni dawa za aina mbili kwa pamoja, kwa muda wa wiki 6 au zaidi, kwa maelekezo ya daktari. Akiacha wiki ya pili kwa sababu amepata nafuu, ugonjwa unarudi. Jambo la kufanya ni dogo: ukienda hospitali na homa, mwambie daktari, "Mimi nafuga, na ng'ombe wangu alitupa mimba." Asipoambiwa hawezi kujua. Mama mjamzito naye asishike kabisa ndama aliyetupwa wala kondo, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kuiharibu na mimba yake.

Sasa vipimo. Watu wengi wanaogopa neno maabara, wakidhani ni jambo la Morogoro au Dar es Salaam. Cha kwanza ni kipimo cha pete ya maziwa. Maziwa yanatiwa kwenye kichupa, linaongezwa tone la dawa yenye rangi ya buluu, yanawekwa mahali pa joto la mwili kwa muda wa saa moja hivi. Kama maziwa yana kinga za brusela, rangi inapanda na malai na kufanya pete ya buluu juu. Kama ni salama, malai yanabaki meupe na buluu inabaki chini. Uzuri wake ni kwamba unaweza kupima maziwa ya kopo zima kwenye kituo cha kukusanyia. Pete ikitokea, ndipo mnarudi kutafuta nyumba moja moja. Ubaya wake ni kwamba kinaweza kudanganya: maziwa ya siku za kwanza baada ya kuzaa, maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukauka, na maziwa ya kiwele kigonjwa yanaweza kutoa pete ya uongo. Kwa hiyo pete si hukumu. Ni wito wa kupima damu.

Kipimo cha damu kinachotumika sana kinaitwa Rozi Bengali. Majimaji ya damu yanachanganywa na tone la dawa ya rangi ya waridi kwenye kigae cheupe, yanatikiswa dakika nne, na yakiganda vipandevipande, ng'ombe ana dalili ya kuambukizwa. Jibu hilo nalo lithibitishwe kwa kipimo cha pili maabara kabla ya kumwondoa ng'ombe wa mtu. Serikali ina Wakala wa Maabara ya Veterinari, yenye kituo cha kanda yetu Arusha, na njia ya kufika huko ni afisa mifugo wa kata. Mkumbuke pia kwamba ng'ombe aliyetupa mimba leo anaweza kupimwa leo akaonekana mzima, kwa kuwa kinga za damu zinachelewa. Apimwe tena baada ya wiki tatu au nne. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu: wanapata jibu zuri la mapema, wanalibandika ukutani.

Ipo chanjo. Inaitwa S19, na imetumika duniani kwa miongo mingi. Anachanjwa ndama jike wa umri wa miezi mitatu hadi minane, mara moja. Ng'ombe mwenye mimba akichanjwa anaweza kutupa mimba, mtu akijidunga kwa bahati mbaya anaweza kuugua, na mnyama aliyechanjwa akiwa mkubwa anaweza kuleta jibu la uongo kwenye kipimo. Basi chanjo hiyo ni ya mtaalamu na kumbukumbu zake ziandikwe. Isiwe kitu cha kununuliwa dukani na kuchomwa na kijana wa kubeba majani.

Ng'ombe akitupa mimba, fanyeni hivi siku hiyo hiyo. Mtoe ng'ombe mahali wengine wasipomfikia. Vaa glovu, na kama hamna, vaa mifuko ya plastiki mikononi hadi kwenye kiwiko. Ndama, kondo na majani yaliyolowa vichimbiwe shimo refu lisilofukuliwa na mbwa, vimwagiwe chokaa, au vichomwe moto. Sakafu ioshwe kwa dawa. Mpeni habari afisa mifugo; Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka magonjwa ya namna hii yasifichwe. Na maziwa yachemshwe. Hili la kuchemsha tunalirudia kila mwaka na kila mwaka tunakutana na yule yule anayesema maziwa ya kuchemsha hayana ladha. Mtindi ndio unaotushinda zaidi. Watu wanadhani kuganda kunaua wadudu. Uchachu hauwaui wote. Chemsheni kwanza, yapoe mpaka vuguvugu, ndipo mtie mbegu ya mtindi. Unaganda vizuri tu, na mzito kuliko ule mwingine.

Tuligusie la kiwele kwa kifupi kuliko linavyostahili. Kiwele kilichovimba, chenye maumivu na maziwa ya mabonge, kila mkamaji anakijua. Lakini ugonjwa wa kiwele usioonekana ndio mwingi zaidi. Maziwa ni meupe, kiwele laini, ila chuchu moja inapunguza maziwa kila siku na inaambukiza wengine kupitia mikono yetu na kitambaa chetu. Mwaka 1957 wataalamu wa California walitoa kipimo cha kufanyia bandani: kisahani chenye vikombe vinne, kila chuchu na kikombe chake, maziwa na dawa kwa kiasi sawa, unazungusha taratibu. Yakibaki majimaji ni salama, yakivutika kama uji wa mlenda kuna ugonjwa. Pasipo dawa hiyo, wafugaji wa nchi nyingine wametumia sabuni ya unga ya kufulia, gramu 30 kwa lita moja ya maji, nayo inaonyesha mvutiko huo, japo si kwa uhakika ule ule. Kamati imenunua visahani viwili kwa fedha ya faini za uchelewaji. Waliokuwa wakilalamikia faini, basi ndiyo hiyo imerudi kwenu.

Kwa ng'ombe wenye kiwele: anza kukama wazima, mgonjwa awe wa mwisho. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Chovya chuchu kwenye dawa baada ya kukama, na mpe ng'ombe chakula mara hiyo ili asilale kabla chuchu hazijafunga. Wakati wa kumkausha, mwulize mtaalamu kuhusu dawa ya kukaushia. Ng'ombe akichomwa dawa, maziwa yake yasiuzwe mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa umalizike. Kopo moja lenye dawa linaharibu tangi zima la kituo, na mnunuzi halisahau jina la kikundi.

Kifua kikuu cha ng'ombe hakionekani mara nyingi kwetu, lakini kipimo chake ni rahisi: anadungwa dawa kwenye ngozi ya shingo, na baada ya saa 72 mtaalamu anarudi kupima unene wa ngozi. Robert Koch mwenyewe, aliyegundua mdudu wa kifua kikuu, alisema London mwaka 1901 kwamba kile cha ng'ombe si hatari kwa binadamu kiasi cha kuhangaika nacho. Alikosea, na watoto wengi walikunywa maziwa mabichi baada ya hapo. Ng'ombe huyo hatibiwi.

Ndugu wanachama, limebaki jambo gumu, na tulibishana nalo kwenye kamati mpaka saa mbili usiku. Ng'ombe wa mwanachama akipimwa akakutwa na brusela, na bado anadaiwa nusu ya mkopo, tufanye nini? Wengine walisema mkopo ni mkopo. Aliyekopa kwa cherehani ikaibiwa alilipa, kwa nini wa ng'ombe asilipe? Hoja hiyo ina nguvu. Lakini tazameni itakavyokuwa. Mama akijua kwamba kipimo kibaya maana yake ni kubaki na deni lote bila ng'ombe, hatapima. Au atapima kwa siri, kisha usiku ng'ombe atashushwa kwenye lori, akauzwe kama ng'ombe wa maziwa kwa mtu asiyejua. Mtu huyo anaweza kuwa mjane wa kata ya pili ambaye naye amekopa kwenye kikundi chake. Tumeshaona mtamba akiletwa huku namna hiyo, kwa maneno matamu na cheti cha mdomo, na aliyemnunua mpaka leo analipa. Hatutaki kuwa sisi tunaomfanyia mwingine hivyo.

Kwa hiyo kamati inapendekeza, na wenye uamuzi ni ninyi kwenye mkutano mkuu, mambo haya. Mkopo wa ng'ombe usitolewe bila jibu la kipimo cha brusela la ng'ombe yule yule, lenye alama yake ya sikio. Ng'ombe anayeingia atengwe mwezi mmoja na apimwe tena kabla ya kuchanganywa. Akikutwa na ugonjwa baada ya kuthibitishwa, aende machinjioni kwenye ukaguzi wa nyama, asiuzwe kwa kufugwa. Fedha ya nyama iingie kwenye deni. Deni linalobaki liongezewe muda bila riba, na mfuko wa jamii uchukue sehemu ambayo mkutano utaipanga. Tunajua mfuko wa jamii ulikusudiwa misiba na wagonjwa. Sisi tunaona huu nao ni msiba. Mama mmoja kwenye kamati hakukubaliana na hoja hiyo mpaka mwisho, na ametuomba tuseme wazi kwamba hakukubaliana. Atazungumza mwenyewe siku ya mkutano mkuu.

Na baba zetu mliopo, tunawaomba jambo moja. Mnapomnunua ng'ombe huko mnadani, msimamo wa mama wa kutaka kipimo usiuite kiburi. Yeye ndiye atakayemkama.

Upimaji wa kwanza wa damu tumepanga ufanyike Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, kuanzia saa moja asubuhi, banda kwa banda, tukianzia juu kwenye nyumba zinazopakana na msitu wa nusu maili tukishuka kuelekea barabara ya lami. Afisa mifugo amekubali. Kila mwenye ng'ombe awe na kamba imara na mtu wa kumshika, na aandike kwenye karatasi: ng'ombe alinunuliwa wapi, amezaa mara ngapi, na kama amewahi kutupa mimba. Wasio wanachama wanaotaka ng'ombe wao wapimwe wamwone Mweka Hazina leo kabla ya kuondoka, kwa kuwa dawa zinaagizwa kwa hesabu. Mama wa jikoni wanatuonyesha mkono kwamba chakula kiko tayari.